Jinsi ya Kuchagua Glavu za Kuvulia Samaki Botini Wakati wa Baridi

Mtu anayetafuta glavu za kuvulia wakati wa baridi kwa kawaida huanza kwa kuzibonyeza apime unene, kisha huchukua zile nene kuliko zote. Kipimo hicho humfaa anayetembea nchi kavu. Botini humponza, kwa sababu huko baridi huja mkononi ikiwa imebebwa na maji na kusukumwa na upepo, na glavu nene iliyokwisha kulowa haina tofauti na tambara la maji baridi lililofungwa mkononi. Kabla ya kuuliza glavu ina joto kiasi gani, mvuvi ajiulize mkono wake utalowa mara ngapi kwa siku, na ukiisha kulowa utatakiwa kufanya kazi gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua glavu, na mara nyingi huchagua jozi mbili au tatu za kawaida badala ya jozi moja ya fahari.

Mkono unavyopoa

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, na ndiyo maana mkono uliolowa hupoa kwa dakika chache katika hali ya hewa ambayo mkono mkavu ungeivumilia asubuhi nzima. Boti nayo huleta upepo wake. Hewa ikiwa na nyuzijoto 5 za Selsiasi, na boti ikienda kilomita 30 kwa saa siku iliyotulia, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ina nyuzijoto 0. Hewa ikiwa na nyuzijoto 0, mwendo uleule huifanya ngozi ipoe kana kwamba ni nyuzijoto 6 chini ya sifuri. Hesabu hizo ni za ngozi kavu. Ngozi yenye maji hupoa haraka zaidi, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi.

Mwili una njia yake ya kujihami. Unapohisi baridi hubana mishipa midogo ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libakie kifuani na tumboni, ambako viungo vya ndani vinalihitaji zaidi. Vidole huwa vya kwanza kuathirika, kwa sababu misuli inayovikunja na kuvinyoosha imekaa zaidi kwenye kigasha, na vyenyewe hutegemea damu inayovifikia ili vipate joto. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzijoto 15 hivi, wepesi wa kufunga na kufungua vitu huanza kupungua, na ikikaribia nyuzijoto 8 hisia ya kugusa hupotea kwa kiasi kikubwa. Mvuvi huyaona hayo anapopitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana: anauona mshipi umeingia, anadhani ameubana kati ya kidole gumba na cha shahada, anavuta, na mkononi hamna kitu. Mimi nimewahi kuhangaika karibu robo saa na fundo ambalo siku nyingine hunichukua nusu dakika, na mwishowe nikalikaza kwa meno huku wenzangu wakiendelea kupandisha samaki.

Ikumbukwe pia kwamba glavu haizalishi joto. Huzuia tu lililopo lisitoroke. Kifua kikiwa kimekwisha kupoa, mwili hautapeleka damu ya kutosha vidoleni hata ukivaa glavu tatu moja juu ya nyingine. Kofia, jaketi lisilopitisha upepo, na kitu cha kufunika kifundo cha mkono, ambapo mishipa ya damu hupita karibu na ngozi, husaidia vidole kuliko milimita moja ya ziada kwenye kiganja. Wapo watu waliobadilisha glavu mara tatu ilhali kilichokosekana kilikuwa kofia.

Kazi za mkono kwa siku moja

Ni vizuri kuipitia siku ya uvuvi kwa mawazo tangu kamba ya boti inapofunguliwa hadi inapofungwa tena, maana mikono haifanyi kazi ya aina moja. Wakati wa kwenda na kurudi mikono hushika usukani au hukaa tu ikipigwa na upepo. Hapo hapahitajiki wepesi wa vidole, kwa hiyo glavu bora kuliko zote ni ile ya mfuko mmoja, ambayo vidole vinne hukaa pamoja na kidole gumba peke yake. Vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto, na eneo la kupotezea joto huwa dogo kuliko pale kila kidole kinapokuwa na chumba chake. Wavuvi wengi huidharau glavu hiyo kwa sababu haiwezi kufunga fundo, ingawa hakuna anayefunga fundo boti ikiwa mbioni.

Wakati wa kuvua zinafuata kazi ndogondogo: kutia chambo, kubadili ndoana au chubwi, kufungua mshipi uliojisokota, kulegeza au kukaza breki ya kigurudumu cha fimbo. Hizi zinataka ncha za vidole zenye hisia. Baada yake zipo kazi za nguvu ndani ya maji, kama vile kuvuta nanga, kamba ya mtego au wavu, ambapo mkono hulowa wote na kiganja husuguliwa. Mwisho yuko samaki mwenyewe, mwenye ute, miiba na meno, na kisu cha kumpasulia.

Hakuna glavu moja inayofanya yote hayo vizuri. Ushauri wangu ni kwamba mwenye kuvua kwa fimbo au kwa mshipi wa mkono apange jozi tatu: moja ya joto na ya kuzuia upepo kwa ajili ya safari, moja nyembamba au yenye ncha wazi kwa ajili ya kuvua, na moja ya mpira mtupu kwa ajili ya nanga na samaki. Anayevua kwa wavu au mitego anaweza kuacha ile ya pili, lakini aongeze jozi nyingine ya mpira, kwa sababu ya kwanza italowa kwa ndani kabla siku haijafika nusu.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba mikono miwili hailazimiki kuvaa glavu za aina moja. Kwa anayetumia fimbo, mkono unaoishika hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, hushika kitu kigumu kinachonyonya joto, na hupigwa na upepo, lakini haulowi sana. Mkono mwingine ndio unaogusa mshipi wenye maji, chambo na samaki. Wa kwanza unafaa kuvaa glavu nzima yenye joto, na wa pili ile iliyoachwa wazi ncha mbili. Kwa anayevua kwa mshipi wa mkono hali ni kali zaidi: kila pima anayoivuta huleta maji kiganjani, na mshipi hukaa palepale, kwenye mkunjo wa kidole cha shahada, hadi ukaichana ngozi iliyolainishwa na maji. Huyo atazame kwanza mkunjo huo kwenye glavu kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Mshono ukipita hapo, glavu hiyo haimfai, kwa sababu mshipi utaukata uzi wa mshono kabla msimu haujaisha.

Vitambaa na mipira

Pamba iondolewe mapema katika hesabu. Hunyonya maji, hukaa nayo, na ikilowa hupoteza karibu uwezo wake wote wa kutunza joto. Mtego wake ni kwamba mara nyingi haionekani: glavu nyingi za kazi zina mpira kwenye kiganja na pamba mgongoni, na baadhi ya glavu za mpira zina bitana ya pamba kwa ndani. Geuza glavu, soma kitambulisho kilichoshonwa ndani, na ukiona pamba nyingi kuliko nyuzi nyingine, irudishe mahali pake.

Sufu ni habari nyingine. Inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla haijaonekana kuwa imelowa, na hata ikilowa chapachapa huendelea kutunza sehemu ya joto, kwa kuwa nyuzi zake zilizojikunja haziporomoki na kushikana kama za pamba. Wavuvi wa bahari za kaskazini walilijua hili zamani kabla ya mipira ya viwandani. Katika Iceland walifuma glavu za mfuko zenye vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ili kiganja kikichakaa mvuvi aigeuze glavu na kuendelea na upande mpya. Na kwenye pwani ya Maine, Marekani, zilifumwa kubwa kupita mkono, zikaachwa zinywee na kushikamana hadi zikawa nzito, kisha wavuvi walizichovya katika maji ya bahari, wakazikamua na kuzivaa zikiwa mbichi. Udhaifu wa sufu ni kwamba upepo hupenya, ndoana hunasa kila mahali, na kukauka kwake ni kwa polepole. Kwa hiyo leo inafaa zaidi kuvaliwa ndani ya glavu ya mpira kuliko kuvaliwa peke yake. Ikivaliwa peke yake isitumike kumshika samaki atakayerudishwa majini, maana humwondolea ule ute unaomkinga na maradhi. Samaki huyo ashikwe kwa mkono mtupu uliolowa au kwa glavu laini ya mpira iliyochovywa majini kwanza.

Neoprini, mpira wa kiwandani uliogunduliwa mwaka 1930 katika maabara za DuPont, ndiyo inayotumiwa sana na wavuvi wa fimbo. Ile ya glavu imetengenezwa kama sifongo, ila vishimo vyake vimezibwa kila kimoja peke yake na ndani vimejaa gesi, hivyo maji hayawezi kuijaza na joto hubaki hata mkono ukiwa umelowa. Unene wa milimita 2 humwacha mtu afanye kazi nyingi za vidole. Milimita 3 huvumilika kwa kuvuta na kushika. Ikifika milimita 5, kila kukunja ngumi ni kushindana na glavu yenyewe, na kigasha huchoka kabla ya adhuhuri. Tafuta ile iliyokatwa ikiwa imekwisha kujikunja kidogo kama mkono uliolegea, kwa kuwa iliyokatwa bapa hurudisha vidole nyuma muda wote. Itazame pia mishono. Mshono uliogundishwa kwa gundi na kushonwa bila sindano kutoboa hadi upande wa pili huzuia maji, lakini ule uliopigwa cherehani moja kwa moja una vitundu mfululizo, na glavu itavuja hata kama mpira wake ni mzuri.

Kwa kazi za nanga, wavu na samaki hakuna kinachoishinda glavu iliyofunikwa mpira pande zote, kiganjani na mgongoni, hadi juu ya kifundo cha mkono. Ile iliyochovywa kiganja peke yake huuzwa kwa wingi kwa sababu ni nyepesi, lakini huingiza maji kwa mgongoni mara tu mkono unapopita chini ya uso wa maji. Aina za mpira zinatofautiana kuliko rangi zake zinavyoonyesha. Plastiki ya PVC ni imara na haiharibiwi na mafuta ya samaki, lakini nyingi hukakamaa baridi inapozidi, kwa hiyo chagua ile ambayo mtengenezaji ameitaja waziwazi kuwa ni ya kutumika kwenye baridi kali. Mpira wa asili hubaki laini na hushika vizuri kitu kilicholowa, ila mafuta ya samaki na ya injini huulainisha na kuuharibu. Nitraili huvumilia mafuta, na nyembamba yake huacha hisia ya kutosha ya kushika kisu.

Kuhusu bitana ya glavu hizo kuna jambo moja la kulijaribu kabla ya kununua. Lowesha mkono, uingize ndani ya glavu, kaa kidogo, kisha utoe haraka. Bitana isiyogundishwa vizuri hutoka pamoja na mkono, vidole vyake vikiwa vimegeuka ndani nje, na kuirudisha kidole kwa kidole ukiwa baharini, boti ikiyumba na mikono ikitetemeka, ni kazi isiyowezekana. Bitana inayotolewa kabisa na kuvaliwa kama glavu ya pili ni nafuu zaidi, kwa kuwa inaweza kubadilishwa ikilowa na kuanikwa peke yake.

Zipo pia glavu za kitambaa zenye utando wa kuzuia maji katikati, zinazopitisha mvuke wa jasho. Kwa usukani ni nzuri sana. Kwa ndoana sizipendekezi: tundu moja lisiloonekana kwa macho hulimaliza kusudi la utando wote, na kitambaa cha nje kikishajaa maji mkono hupoa hata kama hakuna tone lililoingia ndani.

Pakiti za kujipasha joto zinastahili neno moja. Zile za kutupwa baada ya matumizi hufanya kazi kwa unga wa chuma unaoshika kutu kwa haraka, na kutu inahitaji hewa. Ukiifungia pakiti ndani ya glavu ya mpira isiyopitisha hewa, hupoa mapema, na mwenyewe hudhani ameuziwa mbovu. Iweke upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya mkono wa jaketi, na kitambaa kikae kati yake na ngozi ili isiunguze. Glavu za betri zina joto zuri, lakini waya, swichi na maji ya chumvi havipatani, na mimi ningeziacha kwa shughuli za nchi kavu.

Ncha za vidole

Glavu zilizoachwa wazi ncha ni za namna tatu: zilizokatwa vidole vyote vitano, zilizokatwa kidole gumba na kimoja au viwili vinavyofuata, na zenye kifuniko kinachokunjwa nyuma. Za vidole vitano ni hasara tupu, kwa kuwa kidole cha pete na cha mwisho havina kazi yoyote ya maana katika kufunga fundo, ilhali navyo hupoa sawasawa na vingine. Za kifuniko hupendeza dukani. Botini, ule upenyo unaotoa ncha ya kidole huingiza maji, na kifuniko kilichokunjwa hunasa mshipi mwembamba wa nyuzi za kusukwa mara usiyoitarajia, hasa wakati wa kuurusha. Ukizichagua hizo, hakikisha kifuniko hushikwa nyuma kwa sumaku au kwa mkanda wa kunata, wala hakiachwi kikining'inia.

Kuna njia nyingine inayotumiwa na wengi, nayo ni kuvaa glavu nyembamba sana ndani, kuvaa ile kubwa ya mfuko juu yake, na kuivua kubwa kila kazi ndogo inapokuja. Inafaa mradi ile kubwa iwe na kamba inayoifunga kwenye jaketi, maana glavu iliyowekwa ukingoni mwa boti "kwa dakika moja tu" huondoka na upepo.

Kipimo na mdomo wa glavu

Pima mzunguko wa kiganja kwa utepe, chini kidogo ya mashina ya vidole, bila kukihesabu kidole gumba. Katika namba za Ulaya, milimita 203 ni namba 8, 229 ni namba 9, na 254 ni namba 10. Kipimo kikiangukia katikati, uamuzi hutegemea aina ya glavu. Yenye bitana nene ichukuliwe kubwa, kwa sababu glavu inayobana huzuia damu kufika vidoleni na huifinya ile hewa ya ndani ambayo ndiyo inayotunza joto. Neoprini ichukuliwe ile inayokaa karibu na ngozi, kwa sababu ikipwaya maji hujaa ndani na kupishana kila unapokunja mkono. Ukiisha kuivaa, kunja ngumi: ncha za vidole zisigonge mwisho wa glavu, na kitambaa kilicho kati ya vidole kisivutike. Kisha jaribu kuokota sarafu iliyolala mezani. Ukishindwa ukiwa dukani penye joto, baharini hutaiokota ndoana.

Mdomo wa glavu husahauliwa, na hapo ndipo maji mengi huingia. Mikono ikifanya kazi ikiwa chini ya kisukusuku, kama vile kuvuta kamba ubavuni mwa boti au kukaa mvuani umeshika fimbo, mkono wa jaketi ulale juu ya glavu ili maji yateleze na kudondoka nje. Mikono ikiinuliwa juu mara kwa mara, mdomo wa glavu uwe juu ya jaketi, la sivyo maji yatateremka kwenye kigasha hadi kwapani. Jaketi na glavu, basi, vijaribiwe pamoja. Glavu fupi nene haiingii chini ya jaketi lenye mpira wa kubana mkononi, na glavu ndefu yenye mdomo mwembamba haiwezi kupanda juu yake.

Kwenye glavu zinazouzwa Ulaya huwa kuna alama ya theluji yenye maandishi EN 511 na namba tatu chini yake. Namba ya kwanza, kuanzia 0 hadi 4, ni ya kinga dhidi ya baridi ya hewa; ya pili, nayo kuanzia 0 hadi 4, ni ya baridi ya kugusa kitu, mfano ukingo wa boti ya alumini; ya tatu ni 0 au 1, na 1 maana yake maji hayakupenya wakati wa kipimo. Herufi X huonyesha kwamba kipimo hicho hakikufanywa. Kwa mvuvi, namba ya tatu ndiyo ya kutazamwa kwanza, na glavu yenye 4 mwanzoni na 0 mwishoni isimvutie. Alama ya EN 388 inahusu kusuguliwa, kukatwa, kuchanika na kutobolewa. Glavu inayozuia kisu haizuii ncha ya ndoana, maana nyuzi zake husimama mbele ya makali lakini ncha nyembamba hupita katikati yake.

Usalama

Glavu humpa mtu ujasiri ambao mkono mtupu haumpi, na baadhi ya ujasiri huo si wa kuuamini. Mshipi au kamba isizungushwe kwenye kiganja hata kama glavu ni nene. Samaki mkubwa au boti inayosukumwa na wimbi huikaza ghafla, na glavu ikibanwa hivyo haivuliki. Karibu na mashine ya kuvutia nanga au wavu, epuka glavu inayopwaya au yenye mikanda inayoning'inia. Ndoana ikipenya glavu hadi kwenye ngozi, usiivue glavu kwa kuivuta, kwa kuwa utaizamisha ndoana zaidi. Kata mshipi, kata glavu kuizunguka ndoana, kisha shughulikia jeraha likiwa linaonekana.

Kabla ya kung'oa nanga, vaa kila jozi na ujaribu mambo ya dharura: kushika kishikio cha kujazia jaketi la kujiokolea, kubonyeza kitufe cha redio, kuchomoa kamba ya kuzimia injini. Aliyetumbukia katika maji ya baridi kali ana takriban dakika 10 za kuitumia mikono yake ipasavyo kabla haijaacha kumtii. Glavu ya neoprini inaweza kumwongezea muda. Glavu ndefu ya mpira yenye mdomo mpana, kwa upande mwingine, hujaa maji na kuwa nzito wakati wa kujipandisha botini, hivyo iwe ya kuvulika kwa kutikisa mkono mara moja.

Vidole vikifa ganzi na kupauka, visisuguliwe. Vua glavu zilizolowa, ingiza mikono makwapani chini ya jaketi, subiri hisia irudi, ndipo uvae glavu kavu. Mkono uliolowa kwa saa nyingi unaweza kudhurika hata baridi ikiwa juu ya sifuri, kwa hiyo kutoona barafu si sababu ya kupuuza ganzi. Mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kwa kibaridi kidogo tu amwone daktari kabla ya msimu, na kwa upande wa glavu achague zile za mfuko mmoja bila kujadili.

Jaribio la ndoo na utunzaji

Nyumbani, jaza ndoo maji na vipande vya barafu, vaa glavu, na uzamishe mikono hadi kwenye vifundo kwa dakika tatu huku ukikunja na kukunjua vidole. Itoe, kisha ukiwa bado umevaa, funga ndoana kwenye mshipi, uikate, uifunge tena. Jaribio hili hufichua mambo manne kwa pamoja: uvujaji, ubaridi, ukakamavu wa mpira, na kama unaweza kweli kufanya kazi uliyoinunulia glavu hiyo. Ni afadhali kulifanya kabla ya kutupa risiti.

Baada ya kila safari glavu zisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi inayobaki ndani huvuta unyevu wa hewa na kuzifanya zisikauke kabisa. Zigeuzwe ndani nje, zikauke kwanza upande huo, kisha zigeuzwe tena na kutundikwa mdomo ukiwa chini. Zisiwekwe juu ya injini wala karibu na moto. Gundi ya mishono huachia na sufu hunywea. Jozi za akiba zisafiri ndani ya mfuko usiopitisha maji, kila moja ikiwa peke yake, ili iliyolowa isiambukize kavu.

Mara moja kwa mwezi jaza glavu ya mpira maji hadi karibu na mdomo, uusokote mdomo na kuubana, kisha uikamue kuelekea vidoleni. Tundu la ndoana hujionyesha kama uzi mwembamba wa maji unaoruka pembeni, mara nyingi kwenye kidole gumba. Glavu hiyo ihamie kwenye kazi ya kusafisha boti.